Nilimwambia Itapona Yenyewe

Shemeji alikuja Jumamosi baada ya Alasiri, akakaa barazani pembe yake ileile ya siku zote, akakunja mkono wa shati wa kulia bila kuulizwa.

"Hebu tazama hapa, shemeji."

Akapinda kiwiko. Ule msuli wa mbele ya mkono, ambao vijana wa jimu hupenda kuupiga picha, haukuwa mahali pake. Ulikuwa umepanda juu, umejikunyata karibu na bega kama ngumi ya mtoto. Chini yake, pale mkono unapopindia, palibaki bonde.

"Hauumi tena," akasema. "Ila bisibisi hainitii."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikaliweka chini polepole.

Wiki 6 kabla ya hapo alinipigia simu akiwa kazini. Walikuwa wawili wanapakia jenereta kwenye gari, mwenzake akateleza, uzito wote ukamwangukia yeye, na kiwikoni kukalia pa! kama kamba ya kuanikia nguo inapokatika. Akanipigia mimi, si daktari, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye bingwa wa viwiko. Mwaka mzima nimewachosha watu na habari za kiwiko changu. Basi nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Kano hizo, shemeji. Upumzishe mkono kidogo, na wakitaka kukuchoma sindano kataa. Itapona yenyewe."

Itapona yenyewe.

Maneno mawili tu, na tangu Jumamosi ile yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

## Birika la Idi

Nianze na cha kwangu, maana ndicho kilichonipa ujasiri wa kumtibu mtu kwa simu.

Ramadhani ya mwaka jana msichana aliyekuwa akinisaidia aliondoka siku za mwanzo kabisa za mfungo. Nyumbani kwetu futari bila tui haiitwi futari. Nikarudi mwenyewe kwenye mbuzi ya kukunia, nazi 2 kwa siku, 4 wageni wakiwepo. Nakuna, nakamua tui, nakanda unga, nasukuma chapati, usiku nafua na kukamua kanzu za watu watatu. Sikuona ajabu. Ndizo kazi nilizomkuta nazo mama yangu, na mama hakuwahi kulalamika, au alilalamika jikoni nisikokuwepo.

Asubuhi ya Idi nikanyanyua birika nimmiminie mama mkwe. Mkono ukaliachia. Halikuteleza, vidole vilifunguka vyenyewe, kama si vyangu. Chai ikaogesha sahani nzima ya visheti.

"Umechoka, mwanangu," mama mkwe akasema. Nikaitikia ndiyo. Sikumwambia kwamba siku kama 10 hivi nilikuwa nafungulia bomba kwa mkono wa kushoto.

Maumivu yalikaa mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba, kwenye kile kijifupa cha nje ya kiwiko. Hapakuvimba, hapakuwa na joto. Kukunja na kukunjua kiwiko niliweza bila shida. Kilichouma ni kushika. Kila aliyenipa mkono wa Idi alinitoa chozi, na wengine wakadhani ni furaha.

Hapo nilipotea kwa muda mrefu. Ninashika kwa vidole, kwa nini kiwiko ndicho kinachopiga kelele?

Jaribu sasa hivi. Bana hiyo simu uliyoishika, kisha mkono wa pili uguse kigasha upande wa juu, karibu na kiwiko. Utasikia nyama imekaza. Vidole haviwezi kufumba kwa nguvu iwapo kifundo cha mkono kimelegea na kuangukia ndani. Lazima pawe na wa kukishikilia kwa nyuma. Misuli yenye kazi hiyo imelala juu ya kigasha, na kano zake, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, zinakwenda kufungwa kwa pamoja kwenye kijifupa kilekile. Kila kifuu nilichokizungusha kwenye meno ya mbuzi, kila konzi ya machicha niliyoikamua, kulikuwa na kamba inavutwa kiwikoni. Mwezi mzima.

Hapakuwa na ajali. Ndiyo maana daktari aliponiuliza "ulianguka?" sikuwa na la kumwambia.

## Jina la watu wengine

Akaandika: kiwiko cha tenisi.

Nilicheka mpaka muuguzi akageuka. Raketi mimi naijua kwenye televisheni.

Baadaye nilikuta kwamba daktari mmoja wa Kijerumani, Runge, aliandika habari za maumivu haya mwaka 1873 akiyahusisha na watu wanaoandika sana. Miaka 10 mbele, 1883, jarida la madaktari la Uingereza likachapisha habari za "kiwiko cha tenisi ya nyasi", mchezo ambao siku hizo ndio kwanza umewapanda kichwani wenye nafasi zao kule, na jina likaganda hapo. Wagonjwa wengi hawana habari na tenisi. Ni mafundi, wapishi, wafuaji, wakata nyama, watu wa miaka kati ya 35 na 55 hivi. Hata Sachin Tendulkar, ambaye kiwiko hiki kilimtoa uwanjani mwaka 2004 akaja kupasuliwa London mwaka 2005, alikuwa mtu wa kriketi.

Ningepewa ruhusa ningekiita kiwiko cha mbuzi.

Si utani mtupu. Jina la namna hii humfanya mtu aone ugonjwa si wake. Jirani yangu muuza chapati anaumwa upande wa ndani wa kiwiko, ambako hufungwa kano za misuli ya kufumba kiganja na kukandamiza kwenda chini. Huo nao wameuita kiwiko cha gofu. Gofu! Alipoambiwa alidhani wamechanganya cheti chake na cha mtu mwingine. Na wa upande huo wana jambo la ziada la kuangalia: mshipa wa fahamu unaopita hapo nyuma, ule unaokupiga shoti ukijigonga, ukisumbuliwa hufanya kidole cha mwisho na jirani yake vife ganzi.

## Wiki 7 za uzima

Wiki 3 baada ya Idi, katika zahanati moja ya mjini, nilichomwa sindano ya steroidi palepale panapouma. Siku ya nne maumivu hayapo. Nilimwombea dua yule daktari kwa jina lake na la mama yake. Nikarudi kwenye mbuzi.

Wiki ya nane nilikuwa nakamua tambara la deki. Kiwiko kikarudi, na safari hii kikaja na ndugu zake: maumivu yakashuka mpaka kifundoni.

Nilidhani nimevunja masharti. Ndipo nikaanza kusoma usiku, na nikakutana na Waholanzi. Mwaka 2002 walitoa matokeo ya wagonjwa 185 wa kiwiko hiki waliogawanywa mafungu matatu: wa sindano, wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi na kukandwa), na wa kusubiri tu, ambao walipewa ushauri na dawa ya maumivu ikibidi. Kufika wiki ya 6, sindano imewaacha wenzake mbali. Kati ya kila watu 100, 92 wamepata nafuu kubwa, dhidi ya 47 wa fiziotherapia na 32 wa kusubiri. Wangefunga daftari siku hiyo, habari ingeishia hapo.

Hawakufunga. Wiki ya 52 wakahesabu tena. Sindano, 69. Waliosubiri, 83. Fiziotherapia, 91.

Nilirudia mstari ule mara tatu. Waliochomwa sindano walikuwa nyuma ya watu ambao hawakufanyiwa kitu.

Utafiti mwingine, wa watu 198 wa Brisbane kule Australia, ulichapishwa mwaka 2006, na humo maumivu yaliwarudia 72 katika kila 100 waliochomwa. Mimi nilikuwa mmoja wao bila kusajiliwa.

Daktari simlaumu kwa sindano, au namlaumu kidogo. Alinipa nilichokiomba: nafuu kabla ya Jumatatu. Ninachomdai ni kwamba hakuniambia kuna wiki ya 52.

## Moto ambao haukuwepo

Sindano ile ni ya kuzima moto. Na jina la kitabibu la ugonjwa huu, kwa miaka mingi, limebeba mkia uleule, "-itis", unaowekwa kwenye magonjwa ya mwili kuvimba na kuwaka. Lakini mwaka 1979 wapasuaji wawili wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokikuta kwenye vipande vya kano walivyovitoa kwa wagonjwa. Dalili za moto hazikuonekana. Walikuta nyuzi zimevurugika, vimishipa vya damu vimeota ovyo, kano iliyojaribu kujishona ikaishia njiani.

Nilipoelewa hivyo nilikumbuka ukili wangu wa kwanza, niliosuka nikiwa na miaka 7. Miyaa ilikuwa imetimia. Haikukaa tu inapotakiwa.

Sasa kitu kama hicho utakizimaje? Na kupumzisha kabisa nako hakukinyooshi. Nililijaribu hilo pia, wiki 2 mkono umening'inia kwenye kanga shingoni kama mtu aliyevunjika, nikatoka na mkono mwembamba na maumivu yaleyale. Kano hupata damu kidogo na hujengwa taratibu sana, na inataka ivutwe ili nyuzi zijipange. Ivutwe kwa kipimo.

Kipimo alinifundisha mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Kwanza kukaza bila kusogea, kiganja kimeangalia chini, mkono wa pili unakizuia, sekunde 30 au zaidi. Baada ya wiki chache, kigasha juu ya meza, kiganja nje ya ukingo, chupa ya maji ya nusu lita mkononi. Naipandisha kwa msaada wa mkono wa kushoto, naishusha peke yangu polepole, nikihesabu mpaka 4. Niliona haya. Nimetoka kwenye sindano ya maelfu ya shilingi mpaka chupa tupu ya maji niliyoijaza bombani.

"Ikiuma kidogo wakati unafanya, endelea," aliniambia. "Ikiwa bado inauma kesho yake asubuhi kuliko kawaida, umezidisha."

Nikamuuliza kama niiage nazi moja kwa moja.

"Nazi haina kosa, mama. Kosa ni nazi 4 kila siku wakati mwezi uliopita hukukuna hata moja."

Wiki 12. Nusu lita ikawa lita, lita ikawa moja na nusu. Kuna wiki nilirudi nyuma, moja nikalia. Ilipofika mwezi wa nane tangu Idi, nilimimina chai bila kufikiria, na nilitambua baada ya kuketi.

## Shangazi hakufanya kitu

Katika hayo yote kulikuwa na shangazi yangu wa Pangani, muuza vitumbua kwa zaidi ya miaka 30, akinicheka na chupa zangu.

"Mimi kisukusuku kiliniuma mwaka mzima, enzi hizo. Sikuchomwa, sikunyanyua chupa. Kiliacha chenyewe."

Naomba uone hatari ilipoingilia. Nina shangazi, shahidi wa damu. Nina Waholanzi na 83 yao. Nikageuka mhubiri. Kila aliyeshika kiwiko mbele yangu, msibani, harusini, kwenye daladala, nilimpa maneno yangu mawili.

Baada ya kuuona mkono wa shemeji nilimwendea shangazi tena. Safari hii nilikaa jikoni kwake mpaka vitumbua vikaisha.

"Shangazi, mwaka ule ulifanya nini hasa?"

"Si nimekwambia? Sikufanya kitu."

"Nazi alikuwa anakuna nani?"

Akafikiri. "Wakati huo nilikuwa nakaa na yule binti wa kaka yangu mkubwa. Alikuna yeye."

"Na mchele?"

"Tulianza kupeleka mashineni. Kinu nilikiacha."

"Kwa hiyo wewe nazi hukuigusa?"

"Niliigusa kwa nini nisiiguse? Ijumaa nilikuna mwenyewe."

Hakufanya kitu! Alipunguza mzigo, akabakisha kidogo cha Ijumaa, akaupa mkono mwaka mzima. Binti wa watu alikuna nazi asubuhi 6 kwa wiki na hayumo kwenye hadithi. Jirani yangu wa chapati hana binti wa kaka. Yeye ameambiwa apumzishe mkono, akauliza apumzishe ule wa kulia au ule wa kodi ya nyumba. Mwishowe amegawa kinyunga kimoja kikubwa kuwa vinne, anakanda kwa awamu, na unga anaulainisha zaidi kuliko zamani. Wateja wamesema chapati zimekuwa nzuri. Kiwiko bado.

## Pa!

Kiwiko changu na cha shangazi vilikuja kidogo kidogo, kama kutu. Cha shemeji kilikuja kwa sekunde moja, na alinieleza sekunde hiyo. Alitoa mpaka mlio. Mimi nilisikia "kiwiko" nikaacha kusikiliza.

Sikumuuliza kama damu imevilia. Mkewe aliniambia baadaye kwamba kesho yake mkono ulikuwa zambarau mpaka chini kwenye kigasha. Sikumuuliza kama anaweza kugeuza kiganja kitazame juu kwa nguvu zake za jana.

Kano ya ule msuli wa mbele inavuka kiwiko na kujifunga kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Watu tunajua kwamba msuli ule hukunja mkono. Kazi yake nyingine kubwa ni kugeuza kiganja kitazame juu, na mwenye mkono wa kulia anapokaza skrubu huwa anafanya hilohilo. Kano ikikatika, kukunja kuna misuli mingine ya kusaidia, kwa hiyo mtu anabeba kikapu, anakula, anaendesha pikipiki, anasema ninapona. Lakini ikiachwa hivyo, nguvu za kukunja hupungua kwa asilimia 30 hivi, na za kugeuza kwa karibu 40.

Shemeji ni fundi umeme.

Ni ajali ya wanaume wa makamo kuliko watu wengine: uzito wa ghafla unaofungua kiwiko wakati mwenyewe anakikunja. Sigara nayo imo. Wachunguzi wa Marekani mwaka 2002 waliona wavutaji wako kwenye hatari mara 7.5 ya wasiovuta, na shemeji anavuta tangu alipotoka Jeshi la Kujenga Taifa.

Nilimsindikiza hospitali. Daktari alimkalisha, akamwambia apinde viwiko vyote viwili, viganja vitazame juu. Akaanza na mkono mzima: akapitisha kidole chake cha shahada kutokea upande wa nje wa kiwiko, akakikunja kama ndoana, akanasa kano iliyosimama kama uzi wa upinde. Akahamia wa kulia. Kidole kikapita patupu.

Kipimo hicho kilielezwa kwenye majarida mwaka 2007. Hakitaki mashine, hakitaki umeme. Nilikaa pale kwenye benchi nikitazama vidole vyangu 10.

Akamuuliza pia kama karibuni alitumia sipro, ile antibiotiki. Shemeji alikuwa hajatumia, lakini swali lilinishangaza, nikaja kukuta kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2008 imeweka onyo lake kali kabisa kwamba dawa za ukoo ule zinaweza kudhuru kano na hata kuzikata, hasa ile ya kisigino. Huku mitaani tunazinunua kama peremende.

Niliuliza mimi lile swali. Angekuja mapema ingekuwaje?

Daktari hakuwa na haraka. Alisema wiki 2 au 3 za mwanzo kano huvutwa na kurudishwa mfupani bila taabu kubwa. Ikikaa, inajikunja na kugandamana huko juu, na huenda ikabidi kuazima kano ya mahali pengine kuiungia. Inawezekana bado. Wapo pia wanaoamua kuishi hivyo. Akatuachia tufikirie.

Tulipotoka nje nikamwomba shemeji radhi. Akacheka. "Hata usingeniambia kitu ningekwenda wapi? Mimi na hospitali si unatujua."

Usiku sentensi hiyo hunisaidia kulala. Asubuhi haifai kitu.

Siku hizi mtu akinipigia kuhusu kiwiko namuuliza kilianza lini. Akinitajia siku na saa, au akisema kimevimba kina moto na yeye ana homa, namkatia simu aende hospitali. Mmoja amenuna mpaka leo.

Shemeji bado hajaamua. Wiki iliyopita swichi ya jikoni kwangu ililegea, akaja na begi lake la kazi, akaifungua kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Akaunganisha nyaya, akarudisha kifuniko, akaanza kuzungusha skrubu. Ilipofika mwisho ikamshinda. Akahamishia bisibisi kulia, akajaribu, akaitoa.

"Shemeji, hebu malizia hapa."

Nikaishika. Nikakaza mzunguko wa mwisho kwa mkono wa kulia, na hakikuuma.